Basi Hupima Barabara, Abiria Hulipa

Mwanafunzi mpenzi, kila basi la abiria lililofungwa kifaa cha GPS ni karani wa barabara. Kila baada ya muda mfupi huandika: niko hapa, saa hii. Karani huyu hachoki, hahongwi, wala hana mtaa anaoupendelea. Miji mingi imekwisha kutambua kwamba maandishi ya makarani wa namna hii yakikusanywa, hujulikana barabara ipi inapitika na ipi imeziba, bila kuchimba lami ili kuzika mitambo na bila kumpeleleza mtu njiani. Sina ugomvi na maarifa hayo, nayasifu. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayefaidika nayo, na nitausema waziwazi: kipimo kinachotolewa na basi kinapaswa kumfaa kwanza abiria wa basi, na mji unaofanya kinyume cha hayo unawatumikisha wengi kwa faida ya wachache.

Tuanze na Chicago, jiji la Marekani lililo kando ya Ziwa Michigan, kwa kuwa huko jambo hili linaonekana bila kificho. Mabasi ya jiji hilo huendeshwa na shirika la umma liitwalo Chicago Transit Authority. Jiji huchukua nyayo za GPS za mabasi hayo na kuzigeuza kuwa makadirio ya kasi ya magari. Si katika zile barabara pana zisizo na makutano, bali katika barabara za mjini zenye taa, vivuko na vituo vya basi. Barabara hizo zimekatwa vipande takriban 1,250, kila kipande kikiwa na urefu wa karibu nusu maili na kikihesabiwa kwa upande mmoja wa barabara. Kwa jumla ni kama maili 300 za barabara. Makadirio hufanywa upya kila baada ya dakika kumi, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma bila kulipa wala kuomba ruhusa.

Hesabu yenyewe haizidi ile ya shule ya msingi. Basi limeonekana mwanzoni mwa kipande saa mbili kamili asubuhi. Likaonekana mwishoni mwake saa mbili na dakika nne. Nusu maili ni mita 800 hivi. Mita 800 kwa dakika nne ni mita 200 kwa dakika moja, nazo ni kilomita 12 kwa saa. Basi hilohilo, alfajiri, barabara ikiwa tupu, lilikatiza kipande hicho kwa dakika moja na nusu, yaani kwa kasi ya kilomita 32 kwa saa. Tofauti ya safari hizo mbili, dakika mbili na nusu, ndiyo iliyoibwa na msongamano. (Namba hizi za dakika nimezitunga kwa ajili ya mfano, usije ukaziandika katika mtihani kama habari za Chicago.)

Zingatia lakini kwamba basi halihesabu magari. Hupima kasi tu. Nalo si kosa, maana idadi ya magari peke yake hudanganya. Magari yaleyale mia sita kwa saa yanaweza kupita mbele ya duka moja katika hali mbili zilizo kinyume kabisa: barabara ikiwa na magari machache yanayokwenda mbio, au ikiwa imejaa magari yanayotambaa kama kobe. Anayesimama kando akihesabu kwa kidole atapata jibu moja kwa siku njema na kwa siku mbaya. Kasi ndiyo inayozitenganisha siku hizo mbili.

Jambo jingine la Chicago ninalolipenda ni dogo, na huenda wengi hulipita bila kuliona. Pale ambapo hakuna makadirio, jedwali lao huandika −1. Halibahatishi wala halinakili namba ya jana. Jiji huonya pia kwamba kasi ya kipande kimoja inaweza kubadilika kutoka msongamano mkubwa hadi barabara tupu katika dakika chache, kwa sababu ya taa, makutano, ajali na mabasi yenyewe. Kwa hiyo limeweka pamoja na vipande hivyo makadirio ya kanda 29, ambazo hali yake hutulia zaidi. Ofisi ya umma inayokiri katika jedwali lake kwamba hapa haina jibu ni ofisi inayostahili kuaminiwa pale inaposema inalo.

Sasa nije kwenye ugomvi. Fikiri juu ya mtu anayeisoma ramani ya namna hiyo asubuhi. Mwenye gari huitazama, huona barabara fulani imepakwa rangi nyekundu, hukunja kona, hupita njia nyingine, hufika kazini. Basi haliwezi kukunja kona. Njia yake imeandikwa, vituo vyake vimewekwa, na watu wanalisubiri hapohapo kwenye rangi nyekundu. Kwa maneno mengine, basi lililokwama humwonya mwenye gari asije akakwama, kisha lenyewe hubaki palepale na watu wake. Abiria amelipa nauli, amelipa kodi iliyonunua kifaa, amelipa dakika zake. Anayevuna ni yule ambaye hakupanda. Mtu akiniambia huu ni utaalamu usio na upande, nitamwomba aniambie basi hilo liko upande gani.

Wahandisi wengine watajibu kwamba wastani wa kasi ukipanda, kila mtu hunufaika. Hebu tuuchunguze huo wastani. Chukua barabara yenye basi moja la watu sabini na magari madogo thelathini, kila gari likiwa na mtu mmoja. Magari yanakwenda kilomita 20 kwa saa, basi linakwenda 10. Ukitafuta wastani kwa kuhesabu vyombo, utapata karibu kilomita 19.7 kwa saa, na utaandika katika ripoti kwamba hali si mbaya. Ukitafuta wastani kwa kuhesabu watu, utapata kilomita 13. Barabara ni ileile, asubuhi ni ileile. Katika hesabu ya kwanza watu sabini wamegeuzwa kuwa kitu kimoja, na thelathini wamebaki thelathini. Namba haikusema uongo. Aliyechagua cha kuhesabu ndiye aliyekwisha kuamua nani ni mtu. Ndiyo maana nakuomba, kila unapoisoma takwimu ya barabara, uulize swali moja kabla ya mengine yote: hapa kimehesabiwa nini?

Hata lugha yetu imechangia upofu huu kidogo, nami sitaiacha kwa sababu tu naifundisha. Tunasema foleni ya magari. Foleni ni mstari wa watu wanaosubiri zamu, na ndani ya neno hilo mna haki: aliyetangulia huhudumiwa kwanza, na kila mtu hushika nafasi moja. Abiria waliojipanga Nyabugogo jioni wamo katika foleni ya kweli. Lakini barabarani nafasi si moja kwa kila mtu. Gari dogo pamoja na pengo lililo mbele yake huchukua kama mita saba. Watu sabini, kila mmoja katika gari lake, huenea mita 490, karibu nusu kilomita. Watu sabini ndani ya basi kubwa huchukua mita kumi na mbili na pengo lake. Kumwambia abiria huyo asubiri zamu nyuma ya magari ni kumpanga nyuma ya mtu aliyekuja dukani na kulala chini mbele ya dirisha. Msongamano ni neno bora zaidi, kwa kuwa angalau linakubali kwamba kuna kusongwa, na penye kusongwa pana anayesonga.

Wapo wanaosema data za mabasi hazifai kwa sababu basi husimama vituoni, dereva hungoja saa yake ya kuondoka, na mahali pengine hungoja hadi basi lijae. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba basi lililosimama kituoni likisubiri abiria huonekana kwenye data kama gari lililokwama. Dawa yake inajulikana: mahali pa kila kituo panajulikana, hivyo muda wa kusimama hapo unaweza kutolewa katika hesabu, tena basi hulinganishwa na lenyewe, la asubuhi na la alfajiri, si na gari la mtu. Lakini naomba usikubali haraka kuufuta huo muda wa vituoni. Ni muda wa abiria pia. Ukiona katika data kwamba mabasi ya njia fulani hukaa kituo cha mwisho nusu saa yakisubiri kujaa, umegundua jambo ambalo hakuna lami mpya itakayolitibu.

Wengine husema: ya nini mabasi, wakati simu za watu tayari zinatoa habari za barabara? Hapa ndipo mwalimu wa uraia anapokunja mikono ya shati. Simu humfuata mtu hadi nyumbani, hadi hospitalini, hadi mahali pa ibada. Habari zake hukusanywa na makampuni ambayo mji hauwezi kuyaamuru, na yakitaka kuacha kuzitoa au kuziuza kwa bei nyingine, yataacha. Basi ni chombo cha umma katika barabara ya umma. Kusema basi liko wapi si kumchongea mtu yeyote. Kuna tofauti ile hapa Rwanda tunayopaswa kuishika vizuri: mahali lilipo basi ni jambo moja, na kadi ya Tap&Go uliyoigusisha wakati wa kupanda ni jambo jingine kabisa. Kadi hueleza ulipanda wapi na saa ngapi, na habari za namna hiyo zinalindwa na sheria ya mwaka 2021 ya ulinzi wa data binafsi na faragha. Tunaloomba ni la basi. La kadi libaki limefungwa.

Na wale wanaosema mabasi ndiyo yanayoziba barabara wamekwisha kujibiwa na zile mita 490.

Je, yawezekana kipimo kikamfaa abiria kwanza? Yawezekana, na mfano wake uko Marekani hiyohiyo. Mjini New York ipo Barabara ya 14, inayokatiza kisiwa cha Manhattan kutoka upande mmoja hadi mwingine, na basi lake lilikuwa limejulikana kwa kwenda polepole. Jiji liliamua kuwazuia wenye magari wasipite moja kwa moja katika barabara hiyo kwa sehemu kubwa ya siku, ili iachiwe mabasi na malori ya mizigo. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani, wakihofia kwamba magari yaliyofukuzwa yangemwagika katika mitaa yao, na mpango ukachelewa. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Mwezi Oktoba 2019 mpango ulianza, na idara ya uchukuzi ya jiji ikatangaza kwamba safari za basi zimekuwa za haraka zaidi kwa hadi asilimia 24. Angalia sasa uzuri wa jambo hili: tangu mwaka 2014 mahali lilipo kila basi katika wilaya zote tano za jiji hilo huonyeshwa hadharani. Mkazi asiyeamini tangazo la serikali hakuhitaji kulalamika kibarazani. Aliweza kuchukua data, akapiga hesabu yake, akarudi mkutanoni na namba. Ugomvi ulibaki, lakini ulikuwa ugomvi wa watu wanaotazama kitu kimoja.

Karibu zaidi nasi, Dar es Salaam ina mabasi yaendayo haraka tangu Mei 2016, ambayo wenyeji huyaita mwendokasi, na katika Barabara ya Morogoro yamepewa njia yao wenyewe katikati, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Mwendokasi una matatizo yake, na Watanzania hawahitaji mwalimu wa Kigali kuwaeleza. Nataka tu uone jambo moja. Basi likishapewa njia yake, haliwezi tena kupima msongamano wa magari, kwa kuwa halimo ndani yake. Mpimaji atasikitika: amepoteza kipimajoto. Mimi nasema huo ndio upotevu tunaoutaka. Hakuna mganga anayemwacha mgonjwa na homa ili kipimajoto kiendelee kuwa na kazi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2013 jiji la Kigali liligawanywa katika kanda na kampuni zikakabidhiwa kanda hizo kwa mikataba. Basi la Kimironko au la Nyamirambo halipiti pale linapopenda. Hupita kwa idhini ya umma, katika njia iliyopangwa na mamlaka ya umma, kwa nauli iliyopangwa na mamlaka ya umma. Siwezi kuelewa kwa nini maandishi ya safari zake yawe siri ya mwenye basi. Kampuni ikipenda kumfuatilia dereva wake ili kujua kama ameiba mafuta, na ifanye hivyo. Lakini maandishi hayohayo ni kumbukumbu ya barabara zetu, na barabara si mali ya kampuni.

Nikupe swali moja ambalo kumbukumbu hiyo ingelijibu. Tangu Januari 2023 shule zetu huanza saa mbili na nusu asubuhi, na ofisi saa tatu. Ni badiliko kubwa: saa ya nchi nzima ilisogezwa. Wanafunzi wa kutwa na wafanyakazi sasa huingia barabarani kwa kupishana nusu saa tu. Je, basi la saa mbili asubuhi limeenda haraka zaidi baada ya hapo, au limekwama zaidi? Katika njia zipi? Kupanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini ni sawa na kwenda Remera? Kila mzazi ana jibu lake, kila dereva ana la kwake, na wote husema kwa uhakika wa ajabu. Data za mabasi za mwaka 2022 na za mwaka 2023, zikiwekwa kando kwa kando, zingemaliza mabishano hayo kwa alasiri moja. Nami ningeweza kuacha kumwuliza mwanafunzi aliyechelewa kama amelala sana, jambo ambalo sisi walimu tuna tabia ya kuliuliza kabla ya salamu.

Usifikiri kazi hii ni ya maprofesa. Ile ramani ya njia za matatu ya Nairobi iliyotolewa mwaka 2014, yenye njia zaidi ya 130, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani, na waliokusanya habari zake walikuwa wanafunzi waliopanda magari hayo wakiwa na simu mkononi, wakiandika kila kituo. Haikupima kasi ya kila siku, hilo ni kweli. Lakini kabla yake wengi walikuwa wamesema matatu hayawezi kuchorwa kwa kuwa hayana utaratibu. Yalikuwa nao, ilikosekana tu subira ya kuuandika.

Kwa hiyo nina kazi kwako, na si zoezi la ngeli. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2013 ya upatikanaji wa habari, Namba 04/2013. Sheria hiyo humruhusu mtu, au kikundi cha watu, kuomba habari kwa taasisi ya umma bila kulazimishwa kueleza sababu ya kuzitaka. Nayo haiishii kwenye ofisi za serikali, bali hugusa pia baadhi ya taasisi binafsi ambazo shughuli zake zinahusu maslahi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa lugha yoyote rasmi. Kiswahili ni lugha rasmi hapa tangu mwaka 2017, na sijui matumizi bora zaidi ya hadhi hiyo kuliko barua ya wanafunzi inayoomba kitu halisi.

Andikeni kikundi kizima, watano au sita. Ulizeni kama mabasi ya njia inayopita shuleni kwenu yana vifaa vya kuonyesha mahali yalipo, na kama yanavyo, nani anahifadhi data zake na kwa muda gani. Ombeni mwezi mmoja wa safari za asubuhi, mahali na saa tu, bila jina la dereva na bila habari yoyote ya abiria. Uteni barua yenu maneno ya kubembeleza. Salamu moja ya heshima inatosha, kisha ombi, kisha tarehe na sahihi. Wakikataa, waombeni sababu kwa maandishi. Mkijibiwa, kwa namba au kwa kukataliwa, leteni jibu darasani Jumatatu, tulisome kwa makini uleule tunaousomea kifungu cha ufahamu.